Mbuzi anayekwenda Muscat ana vyeti vyote, sisi huku buchani hata muhuri tunafichwa!

Wakuu habari za jioni. Mods, naomba uzi huu usihamishiwe jukwaa la mapishi, hapa siongelei rosti.

Hivi tangu lini kumuuliza muuza nyama "ng'ombe huyu kachinjwa wapi?" imekuwa matusi? Leo nimeuliza hilo tu, bucha moja hapa Tabata, tena kwa adabu. Jamaa kasimamisha kisu, ananikodolea macho kama nimetoka TRA kukagua kodi. "Dada, umekuja kununua nyama au kufanya sensa?" Foleni nzima ikacheka.

Sikuondoka. Nikamwambia basi nionyeshe muhuri wa ukaguzi. Akanyooshea kidole paja lililoning'inia kwenye ndoano ya mbele kabisa, karibu na kioo. Kweli, lina wino. Nikasema haya, nikatie hapo kilo moja na nusu. Hakati! Eti hilo lina mwenyewe. Nyama aliyokuwa anawapimia watu imelazwa kwenye beseni nyuma ya gogo, haina wino wala dalili ya wino, na rangi yake imeshaanza kwenda kwenye kahawia. Kumbe lile paja liko pale kwa ajili ya bwana afya akipita.

Na msiniambie Tanzania hatuna utaratibu. Upo, na ndiyo maana nina hasira. Ng'ombe hatakiwi kupakiwa kwenye lori huko Simiyu au Singida kuja mnada wa Pugu bila kibali cha kusafirisha mifugo. Machinjioni anakaguliwa akiwa hai, akishachinjwa anakaguliwa tena: mapafu, maini, moyo vinapasuliwa kutafuta kifua kikuu cha ng'ombe, minyoo ya ini, tegu. Akipita ndipo nyama inagongwa muhuri. Sheria ya nyama tunayo tangu 2006. Ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo ni ya 2010. Tukaletewa heleni za kielektroniki za kumtambua kila mnyama, 2022 zikasimamishwa baada ya wafugaji kulalamikia gharama (na walikuwa na haki, kwa nini mfugaji ndiye alipie peke yake?), 2025 zikarudi na kampeni ya chanjo.

Sawa, heleni zimerudi. Mimi mlaji zinanisaidia nini? Heleni inabaki sikioni, sikio linabaki kichwani, na kichwa kabla hakujakucha kimeshaenda kwa muuza supu. Nyama inatoka getini haina jina. Inapanda bodaboda, nyingine kwenye boksi la bati lenye kifuniko, nyingine kwenye kiroba huku mguu unachungulia nje unakula vumbi la barabara ya Mandela. Kuanzia hapo hakuna karatasi inayomfuata yule ng'ombe. Buchani anaweza kuchanganywa na yeyote, hata aliyechinjiwa kichakani usiku kwa sababu alikuwa anakaribia kufa mwenyewe. Nani atajua?

Sasa linganisha na mbuzi wetu wanaochinjwa kwenye viwanda vya kuuza nje. Nyama inakwenda Oman, inakwenda Falme za Kiarabu, na haipandi ndege bila cheti cha daktari wa mifugo na cheti cha halali, imepozwa, imefungwa. Mtu wa Muscat anajua mbuzi wa Dodoma kachinjiwa kiwanda gani, tarehe ngapi. Mbuzi huyohuyo akiliwa Mbagala, hakuna anayejua lolote. Kwa hiyo uwezo tunao. Tunaona tu mlaji wa ndani hana thamani hiyo.

Kuna watakaosema "mbona tunakula na hatufi". Mlikuwa wapi 2007? Homa ya Bonde la Ufa, inayotoka kwa mifugo kuja kwa binadamu, iliua zaidi ya watu 100 nchi hii. Mabucha yalidoda, kila mtu akakimbilia kuku na samaki, bei zikapaa. Wauza nyama wenyewe ndio waliolia kwanza, hata waliokuwa na nyama iliyokaguliwa vizuri, maana hawakuwa na namna ya kuonyesha kwamba ya kwao ni salama. Na kimeta (anthrax) je? Mzoga wa mnyama aliyekufa nacho hautakiwi hata kupasuliwa, lakini kuna watu huko vijijini wanachuna na kugawana. Halafu kuna habari ya sindano: ng'ombe kachomwa antibayotiki, anatakiwa asubiri siku au hata wiki kadhaa, kutegemea dawa, itoke mwilini ndipo achinjwe. Buchani utajuaje kama alichomwa juzi?

Ninachotaka si miujiza. Kila bucha ibandike ukutani kila asubuhi stakabadhi ya machinjio: jina la machinjio, tarehe, idadi ya mizoga aliyochukua mwenye bucha. Kama kachukua ng'ombe mmoja na jioni kauza watatu, tutajua wenyewe, hesabu hatujasahau. Maafisa mifugo wa kata wapite mchana, si saa moja asubuhi paja la muhuri likiwa limeng'arishwa. Na mteja akiuliza ajibiwe!

EDIT: Kuna mkuu kaniambia hamia supamaketi. Nimeenda. Nyama iko kwenye trei, imefungwa nailoni safi, stika inataja bei, uzito na tarehe ya kufungashwa. Ng'ombe katoka wapi, hakuna. Ulaya tangu 2002 lebo ya nyama ya ng'ombe lazima iseme kazaliwa nchi gani, kakuzwa wapi, kachinjwa wapi, na walilazimika baada ya kichaa cha ng'ombe kuwatoa jasho. Bado 2013 wakauziwa farasi ndani ya vyakula vilivyoandikwa ng'ombe, wakagundua kwa kuwa walipima maabara. Sisi tunasubiri nini kitutoe jasho?

EDIT 2: Wauza nyama mliopo humu, msinitukane PM (kwenye ujumbe binafsi). Wekeni hapa picha ya stakabadhi ya machinjio ya leo. Atakayeweka, na tarehe isomeke, kesho nakuja kwake kuchukua steki kilo mbili na maini.