Gorogoro iliyobonyezwa: nimwambie au ninyamaze?

Mama Maharagwe, Kisumu
Jamani, nauza maharagwe soko la Kibuye. Jirani yangu wa kibanda amegonga kitako cha gorogoro yake, ule mkebe wa kupimia, kikaingia ndani. Juzi nilimimina maharagwe ya mteja wake kwenye gorogoro yangu, yakapungua viganja viwili vizima! Anauza shilingi 20 chini yangu, na watu wanamkimbilia. Jumapili, kabla soko halijafurika, tunasali ibada moja ya asubuhi, naye ndiye hupitisha kikapu cha sadaka. Nikisema, wataita wivu. Nikinyamaza, yule nyanya anayenunua gorogoro moja ya wiki nzima anaibiwa nikitazama.

Muuza Nafaka, Nakuru
Dada, sisi Waislamu tuna sura nzima ya Kurani, ya 83, yenye jina la wapunjao vipimo. Mwite pembeni, si mbele ya wateja. Na wewe nunua mizani iliyopigwa muhuri na maafisa wa vipimo. Gorogoro hupima ujazo, si uzito.

Mzee wa Kanisa, Kakamega
Usianze kwa mchungaji, mama. Mathayo 18:15 inaanza na ninyi wawili peke yenu.

Mama Maharagwe, Kisumu
Asanteni. Nilimwendea jana tukifunga. Alilia, akasema marejesho ya mkopo wa chama cha akiba yanamkaba. Nimemwonea huruma kweli. Lakini leo asubuhi ameipanga gorogoro ileile, na nyanya huja Alhamisi. Kesho namrudia.