Nashuku akaunti za familia yetu zimedukuliwa: nianzie wapi?

Mleta mada

Wanajukwaa, salaam. Naomba ushauri kuhusu jambo linalotunyima usingizi nyumbani. Wiki mbili zilizopita mume wangu alipata taarifa kwamba kifaa tusichokijua kimeingia kwenye barua pepe yake. Alibadilisha nywila siku hiyo hiyo, tukadhani yamekwisha. Siku nne baadaye akaunti yangu ya mtandao wa kijamii ikawatumia ndugu zangu ujumbe wa kuomba fedha, na juzi binti yetu mwenye umri wa miaka 13 akapokea namba ya uthibitisho ya WhatsApp ambayo hakuiomba. Tuna simu tatu, kompyuta mpakato moja tunayoitumia sote, na ruta (kifaa kinachotusambazia intaneti nyumbani) ambayo haijaguswa tangu iwekwe. Tumebadilisha nywila mara tatu, zote kupitia kompyuta hiyo, na bado mambo yanajirudia. Je, nifute kila kitu na kuanza upya, au kuna utaratibu ulio bora zaidi? Mimi si mtaalamu, hivyo nitashukuru mkinieleza taratibu.

Mchangiaji wa kwanza

Pole sana, dada. Kilichonishtua katika maelezo yako ni kwamba nywila zote mmezibadilisha kwenye kompyuta ile ile. Ikiwa ndani yake kuna programu inayonasa kila herufi mnayoandika, au kiendelezi kibaya (programu ndogo ya ziada) kwenye kivinjari, basi kila nywila mpya mmemkabidhi mdukuzi ninyi wenyewe. Kwa sasa izimeni, wala msiifute bado. Tumieni simu mnayoiamini kuliko zote, yaani iliyosasishwa na ambayo haijawahi kuwekewa programu kutoka nje ya duka rasmi.

Kwa simu hiyo anzeni na barua pepe ya shemeji, kwa sababu karibu kila akaunti nyingine hurejeshwa kupitia barua pepe, na anayeishika ameshika funguo za nyumba nzima. Kubadilisha nywila peke yake hakutoshi. Ingieni kwenye mipangilio mwangalie orodha ya vifaa vilivyoingia na mviondoe vyote, kisha mhakikishe kwamba namba ya simu na barua pepe ya kurejeshea akaunti ni zenu, na mfute ruhusa za programu za nje msizozitambua. Halafu tazameni sheria za kuchuja na kuelekeza barua. Niliwahi kumsaidia shangazi yangu aliyekuwa na shida kama yenu, na tulikuta sheria moja fupi: kila barua yenye neno «nywila» itumwe kwenye anwani ngeni, iwekewe alama ya kusomwa, kisha ifutwe kikashani bila yeye kujua. Alikuwa amebadilisha nywila mara nyingi, lakini sheria ile ilibaki palepale ikifanya kazi yake.

Kabla ya kufuta chochote, pigeni picha za skrini zinazoonyesha tarehe, saa na kifaa. Mtazihitaji mkiamua kutoa taarifa polisi au benki.

Mchangiaji wa pili

Naongezea kuhusu binti. Namba ya uthibitisho inayokuja bila kuombwa si ushahidi kwamba simu yake imedukuliwa. Maana yake ni kwamba mtu ameandika namba yake ya simu mahali fulani, kwa makusudi au kwa kukosea. Hatari huanza pale atakapomtajia mtu tarakimu hizo 6, hata kama anayeziomba anatumia akaunti ya rafiki yake wa karibu, kwa kuwa huenda akaunti hiyo nayo imeshatekwa. Mfungulieni kwenye WhatsApp uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kinga ya pili yenye namba ya siri anayoijua yeye, kisha mtazame sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, maana mtu aliyeishika simu hiyo kwa dakika moja tu anaweza kuwa anasoma ujumbe wake kwenye kompyuta nyingine. Nakusihi uzungumze naye kwa upole, dada, kwa sababu mtoto akiogopa kugombezwa ataficha ujumbe unaofuata, na huo ndio mngeuhitaji zaidi.

Mleta mada

Ahsanteni sana. Kwenye barua pepe ya mume wangu tumekuta anwani ya kurejeshea akaunti ambayo si yetu, na tumeiondoa baada ya kuipiga picha. Mimi na yeye tulikuwa tukitumia nywila moja kwenye akaunti nyingi. Sasa kompyuta na ruta tuzifanyeje?

Mchangiaji wa tatu

Hiyo nywila moja huenda ndiyo iliyowaponza. Tovuti moja ikivuja, wadukuzi huijaribu nywila hiyo kila mahali. Andikeni anwani zenu za barua pepe kwenye Have I Been Pwned, huduma iliyoanzishwa na Troy Hunt mwaka 2013, mtaona kama zimo kwenye data zilizovuja. Kila akaunti ipewe nywila yake ndefu, nanyi mtumie programu ya kutunza nywila ili msilazimike kuzikariri. Mkishamaliza, hamna haja ya kuzibadilisha kila mwezi. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, tangu mwaka 2017 haipendekezi kuzibadilisha kwa ratiba, bali pale panapokuwa na dalili kwamba zimevuja. Kwa uthibitishaji wa hatua mbili, programu ya kwenye simu inayotoa namba za uthibitisho ni salama kuliko kuzipokea kwa meseji, kwa kuwa mhalifu anaweza kuihamishia namba yako kwenye laini yake.

Kwenye kompyuta, nakilini picha na nyaraka peke yake, muache programu zote, kisha msakinishe mfumo upya. Ruta irudisheni kwenye hali ya kiwandani, msasishe programu yake, na mbadilishe nywila ya msimamizi (ya kuingilia mipangilio yake) pamoja na ya Wi-Fi. Kompyuta ikishakuwa safi, na hapo tu, ndipo mwingie tena kwenye akaunti zenu kupitia kwayo. Ndugu waliopata ujumbe wa kuomba fedha wapigieni simu leo, kwa sauti zenu wenyewe.