Je, mamothi anaweza kurudishwa duniani?

Mwalimu, Langoni: Assalam aleikum. Jana tukiwa Makumbusho ya Lamu, mbele ya siwa (baragumu la sherehe) ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu, mwanafunzi aliniuliza kama mamothi, wale ndovu wenye manyoya wa Siberia waliotoweka, wanaweza kufufuliwa, nami sikuwa na jibu. Walitowekaje?

Mzee wa Shela: Waaleikum salaam, mwalimu. Wengi wao walikwisha yapata miaka 10,000 iliyopita, joto lilipozidi, malisho yakapungua na wawindaji wakawaandama, ingawa wa mwisho walidumu katika kisiwa cha Wrangel, kaskazini mwa Siberia, hadi miaka 4,000 hivi iliyopita. Lakini wanaonigusa zaidi ni wale wa kisiwa cha St. Paul, Alaska, ambao waliangamia yapata miaka 5,600 iliyopita kwa sababu maji matamu yalipungua. Sisi tunaoishi kwa maji ya visima vya machugani, kwenye vilima vya mchanga, tunajua uzito wa jambo hilo.

Binti Malindi: Kuhusu kuwafufua, kampuni ya Colossal ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2021, inahariri vinasaba vya ndovu wa Asia, aliye jamaa wa karibu zaidi wa mamothi, kwa hiyo atakayezaliwa atakuwa ndovu aliyevishwa manyoya. Mimba ya ndovu huchukua miezi 22, nami namhurumia mama atakayebebeshwa jaribio hilo. Ningependa fedha hizo ziwalinde kwanza ndovu wa Tsavo.

Mwalimu, Langoni: Ahsanteni sana. Nitawasomea wanafunzi majibu haya kesho.