Jumapili moja Tokyo: nitembee wapi kwa mguu kwenye mtaa wa zamani?

Kijana wa Kirumba:

Mwangaluka wakuu. Kazi yangu ni kuongoza wageni hapa Mwanza: Kisiwa cha Saanane, Mwaloni alfajiri samaki wakishushwa, Jiwe la Bismarck, na mgeni akitaka tunafika mpaka Bujora. Mwezi wa 11 nakwenda Japani kwa mafunzo mafupi. Ratiba imebana sana, ila tumeachiwa Jumapili moja tuko huru Tokyo.

Wenzangu wanataka maghorofa na maduka ya simu. Mimi natafuta mtaa wa zamani ambao watu bado wanaishi, nitembee kwa mguu tangu asubuhi mpaka giza liingie. Sababu ni hii: siku nyingi nataka kuanzisha matembezi ya miguu hapa kwetu, tuanzie kivuko cha Kamanga, tupite Makoroboi kwenye maduka ya zamani ya Wahindi, halafu tupande kwenye zile nyumba zilizobanana na mawe Mabatini. Wageni wengi wanalala Mwanza usiku mmoja tu na asubuhi wameshaondoka kwenda Serengeti. Nataka nione kwa macho yangu mtaa usio na mnyama wala mlima unavyoweza kumshika mtu siku nzima.

Aliyefika anielekeze tafadhali. Sijui Kijapani.

Dereva wa Nyakato:

Nenda Asakusa mkuu. Kuna lile lango lenye taa kubwa nyekundu, hekalu la Senso-ji na vibanda vya zawadi njia nzima. Treni inakufikisha pale pale, huwezi kupotea.

Mama Nyegezi:

Mwangaluka mwanangu. Nenda Yanaka. Wakati nasoma niliishi Sendagi, mtaa unaopakana nao, na Jumapili zangu nyingi ziliishia kwenye vichochoro vile. Nitaandika kwa kirefu kwa sababu mahali pale napapenda.

Asakusa ni pazuri, na Senso-ji ndilo hekalu kongwe kuliko yote Tokyo. Ila jengo kubwa utakaloliona ni la zege, la 1958, kwa sababu la zamani liliteketea kwa mabomu ya 1945. Na Jumapili utasukumana kama uko Soko Kuu siku ya mkesha wa Krismasi. Tokyo ilianguka kwa tetemeko na moto wa 1923, ikachomwa tena 1945. Yanaka ilinusurika mara zote mbili kwa sehemu kubwa, ndiyo maana utakuta nyumba za mbao, visima vya pampu ya mkono na njia ambazo mikokoteni miwili haipishani. Mahekalu peke yake yanapita 70 kwenye eneo dogo. Mengi yalihamishiwa pale juu baada ya moto mkubwa wa 1657, wakati mji ukiitwa Edo.

Shuka stesheni ya Nippori, kwenye reli ya Yamanote inayolizunguka jiji. Fika saa mbili asubuhi, kabla wageni wengine hawajaamka. Toka mlango wa magharibi, panda ngazi za kushoto, na mara moja uko kwenye hekalu la Tennoji. Uani kuna Buddha wa shaba wa 1690, amekaa nje kwenye jua na mvua. Msalimie kwa kuinamisha kichwa kama wanavyofanya wenyeji, halafu uingie makaburini.

Najua kwetu mtu akisema twende tukatembee makaburini utamtazama mara mbili. Pale barabara kuu ya makaburi ndiyo njia ya watu: mama anapita na baiskeli amempakia mtoto, mzee anatembeza mbwa, wanafunzi wanakatiza kwenda stesheni. Imepandwa miti ya maua ya sakura pande zote. Kwa mwezi wa 11 utakuta majani yake yameiva mekundu. Katikati, pembeni ya kituo kidogo cha polisi, kuna mawe yaliyopangwa ndani ya uzio. Hayo ni ya msingi wa mnara wa orofa tano uliojengwa 1791. Uliungua 1957, kwa moto uliowashwa na wapenzi wawili waliojiua humo. Hawajaujenga tena. Wameacha mawe yake yaonekane, na mimi naona wamefanya vizuri.

Makaburini humo amezikwa Tokugawa Yoshinobu, shoguni wa mwisho, yaani mtawala wa kijeshi, aliyeachia madaraka 1867 na kufariki 1913. Kaburi lake ni kichuguu cha duara nyuma ya uzio. Shibusawa Eiichi, aliyewahi kumtumikia, naye amezikwa humo. Ukiwa na noti mpya ya yen 10,000, ile iliyotoka 2024, itoe umtazame: sura yake ndiyo iliyochapwa.

Ukitoka makaburini uliza ukuta wa Kannonji. Ni ukuta wa udongo na vigae vya kuezekea, tabaka la huku na tabaka la kule, umesimama tangu enzi za Edo. Hakuna tiketi wala mlinzi. Simama hapo taratibu uangalie mafundi walivyolaza vigae. Kwetu mtu akipata hela kidogo jambo la kwanza ni kubomoa ukuta wa udongo wa babu yake. Wale wanaukarabati na wanauonyesha kwa fahari. Hilo liliniingia moyoni kuliko mahekalu yote niliyoyaona.

Saa tatu na nusu wanafungua nyumba ya mchongaji Asakura Fumio. Jumatatu na Alhamisi wanafunga, Jumapili wako wazi. Hapo usiruke. Ilikuwa nyumba yake, karakana yake na shule ya wanafunzi wake. Katikati kuna bwawa lenye mawe makubwa, na sebule zimelizunguka, hivyo popote ukikaa unayaona maji. Juu ya paa aliweka bustani, wanafunzi wakalima mboga, kwa sababu aliamini mchongaji lazima ajue udongo. Alipenda paka, utawaona wa shaba kila mkao. Sanamu yake maarufu, ya 1910, ni ya mzee aliyesimama ameweka mikono nyuma: alikuwa mlinzi wa makaburi yale yale uliyotoka kuyapita. Utavua viatu mlangoni, kwa hiyo siku hiyo vaa soksi nzima.

Kutoka hapo ni karibu na Yuyake Dandan, ngazi zinazoshuka mpaka mtaa wa maduka wa Yanaka Ginza. Mtaa wenyewe haufiki mita 200 na una maduka kama 60: samaki, mboga, chai, viatu vya mbao, biskuti za mchele zinazochomwa mbele yako. Nunua menchi katsu, nyama ya kusaga iliyoviringishwa kwenye chenga za mkate ikakaangwa. Kama huli nguruwe uliza kwanza, mara nyingi huwa imechanganywa. Na ule umesimama hapo hapo dukani, kisha uwarudishie karatasi yao. Mapipa ya taka barabarani hakuna, na kutembea huku unatafuna ni jambo wasilolipenda.

Mwisho wa maduka tafuta Hebi-michi, njia iliyopinda pinda. Chini yake kuna mto uliofunikwa, nyumba zimefuata kona zake zote. Ukiifuata unatokea upande wa Nezu, kwenye hekalu la Nezu la dini ya Shinto, majengo ya 1706 yaliyojengwa kwa amri ya shoguni Tokugawa Tsunayoshi. Kuna malango mekundu madogo yaliyopangwa mfululizo mlimani, unapita ndani umeinama kidogo. Maua yake ya azalea ni ya mwezi wa 4, hutayakuta, lakini nenda. Stesheni ya Nezu iko jirani, ya reli ya Chiyoda, utarudi hotelini kwa hiyo.

Kijana wa Kirumba:

Shikamoo mama. Nimesoma mara mbili na nimenakili kwenye daftari. Swali langu kubwa: wenyeji wanachukuliaje watu kama sisi kupita milangoni mwao? Hapa Mabatini nikiwapitisha wageni, baadhi ya akina mama wananuna, na wana haki. Na nani alianza kuutangaza ule mtaa, serikali?

Mama Nyegezi:

Marahaba mwanangu. Swali hilo ndilo lenyewe.

Walioanza walikuwa akina mama. Mwaka 1984 wanawake wachache wa pale, waliokuwa bado wanalea watoto wadogo, walianzisha jarida dogo la mtaa. Waliunganisha majina ya Yanaka, Nezu na Sendagi wakapata Yanesen, na leo kila mtu anaita hivyo. Walikwenda kwa wazee nyumba kwa nyumba kuuliza: hapa palikuwa na nini, kisima hiki alichimba nani, siku ya mabomu mlikimbilia wapi. Wakaandika, wakauza kwenye maduka ya mtaani. Lilidumu mpaka 2009. Wasomaji wa kwanza walikuwa wenyeji wenyewe, wageni walifuata baadaye. Kwa hiyo kabla hujachapisha bango la matembezi yako, kaa na wazee wa Makoroboi. Nakuambia kama mzazi: usimwonyeshe mgeni mlango ambao hujawahi kuugonga wewe mwenyewe.

Kuhusu kununa, huko pia wapo. Utaona vichochoro vyembamba vilivyopangwa vyungu vya maua hadi mlangoni. Vinavutia, lakini ni uani kwa watu. Simama mwanzoni, tazama, rudi. Nguo zilizoanikwa usipige picha. Sauti iwe ya chini, hasa asubuhi ya Jumapili. Ukikutana na mtu, inamisha kichwa useme "ohayo gozaimasu", yaani habari za asubuhi, utaona uso unavyofunguka. Kule barabara nyingi hazina majina, anwani ni namba za mafungu ya nyumba, kwa hiyo utapotea. Ukipotea ingia kituo kidogo cha polisi, wana ramani ya mtaa ukutani na kuelekeza watu ni sehemu ya kazi yao.

Na utumie hela yako kwa wenyeji. Isetatsu wanachapa karatasi za mapambo tangu 1864, ni zawadi nyepesi kwenye begi. Kahawa kunywa Kayaba, nyumba ya 1916 iliyogeuzwa mkahawa 1938. Ilifungwa 2006, watu wakaona uchungu, ikafunguliwa tena 2009 ikiwa na sura ile ile. Jumapili kuna foleni, vumilia. Kuna pia bafu la zamani la umma lililogeuzwa ukumbi wa sanaa mwaka 1993, SCAI The Bathhouse. Jumapili wanafunga, ila litazame kwa nje, paa na bomba la moshi vimeachwa vilivyo. Jengo likiishiwa kazi yake ya kwanza, wanalitafutia nyingine. Nikipita pale mjini kwetu nikaona nyumba nyingine ya zamani imezungushiwa mabati, nawaza hilo bafu.

Mpiga picha wa Isamilo:

Niongezee la mwanga. Mwezi wa 11 jua Tokyo linazama mapema, kama saa kumi na nusu jioni. Zile ngazi za Yuyake Dandan zinatazama magharibi, kwa hiyo mdogo wangu, ukimaliza Nezu saa tisa rudi ukae juu ya ngazi. Tafuta mahali pembeni, maana wenyeji wanapanda na mizigo yao ya sokoni. Muuza duka muulize kwa ishara kabla ya kumpiga picha, wengi wanakubali. Na beba sarafu, maduka mengine madogo yanapenda pesa taslimu.

Mzee wa Mabatini:

Kijana, nimefuatilia mazungumzo yenu tangu jana. Huyo mama amesema kweli kuhusu wazee. Mimi baba yangu alikuja Mwanza kufanya kazi reli, na reli ilifika hapa 1928. Alinionyesha mafundi wa makoroboi walikokaa wakigonga mabati, ghala za pamba zilipokuwa, na jiwe walilolipasua kwa moto na maji ili wapate kiwanja cha kujenga. Njia ya kupanda huku kwetu ilichongwa na watu kwa mikono, na wachache wa wale waliochonga bado wapo.

Hao akina mama wanaonuna ni kwa sababu wageni wanapita kimya na kamera, hawasalimii. Mgeni akifundishwa kusema "mwangaluka" tu, atapewa kigoda. Na kama matembezi yana malipo, basi chai na maandazi ya wageni wako yanunuliwe huku huku, si hotelini.

Kijana wa Kirumba:

Shikamoo mzee. Maneno yako nimeyapokea. Naomba ruhusa nije kukuona kabla sijasafiri, nije na daftari. Nianzie na wewe, halafu unipeleke kwa hao waliochonga njia.

Mzee wa Mabatini:

Marahaba. Njoo Jumamosi asubuhi, jua likishapanda mawe huku yanachoma. Ukifika stendi ya bodaboda uliza nyumba ya mzee wa reli, watakuleta. Vaa viatu vya kushika, na daftari liwe kubwa.