Hamali, miaka 47: goti na kiuno vimeanza kugoma. Nishaurini

Hamali_Kongowea
Asalam aleikum wakubwa. Mimi ni hamali hapo sokoni Kongowea tangu ujana. Twashusha malori ya viazi na vitunguu yaingiayo usiku kutoka bara. Zamani nikitwishwa gunia nashuka nalo ubao mbio. Siku hizi goti la kulia lalia kama bawaba ya mlango mkongwe, na kuteremka ngazi kwauma kuliko kupanda. Nikiamka kiuno kimekaza mpaka nitembeetembee ndipo kiachie. Nyampara naye ameanza kuita vijana kwanza.

Nisichoelewa: nimebeba mizigo umri wangu wote, si ningekuwa chuma? Mbona wale wa jimu wajaa vifua na mimi naisha? Nameza diklofenaki, dawa za maumivu za dukani, nimalize zamu. Kuacha kazi siwezi, watoto wako shule.

Mtoto_wa_Bondeni
Mzee, mafuta ya moto na kukandwa. Ukiongeza mke wa pili kiuno chanyooka chenyewe 😂

Fizio_Pwani
Huyo wa Bondeni mwacheni. Kaka, wa jimu anyanyua saa moja, kesho apumzika, anakula mayai, analala. Msuli hukua wakati wa kupumzika. Wewe wachosha misuli ileile kila usiku, mwili umeinama upande mmoja, na hujalipa deni la jana. Tena baada ya miaka 30 misuli hupungua kidogokidogo kwa kila mtu, na ukipita 60 kasi yaongezeka. Gegedu la goti nalo, ule utando laini wa ncha za mifupa, halina mishipa ya damu, kwa hivyo likilika halijirudishi upesi. Diski za uti wa mgongo, zile pedi kati ya pingili, hupoteza maji kwa umri.

Hapo paja likiwa dhaifu goti ndilo labeba yote, hasa kwenye kuteremka. Kwa hivyo nguvu wazihitaji bado, ila za mpango: kaa kitini, simama polepole bila kushika, rudia mpaka mapaja yawake, siku moja fanya, siku moja acha. Maharagwe na dagaa visikose sahani.

Nijibu: huo mkazo wa asubuhi wachukua muda gani? Ukiisha chini ya nusu saa, mara nyingi ni kulika kwa viungo. Ukipita saa moja na viungo vimevimba, hiyo ni habari nyingine, nenda ukapimwe.

Mama_Zu
Mimi hizo diklofenaki ndizo zanitia hofu. Mume wangu alikuwa kuli bandarini Kilindini, akizimeza kwa chai kavu. Tumbo lilitoboka, alitapika damu. Hizo hupandisha presha na kuumiza figo pia. Pimwa presha kwanza, baba.

Kuli_Mstaafu
Kataa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi! Kanuni za Kenya za mwaka 2019 zasema viazi visizidi kilo 50 kwa gunia, na Shirika la Kazi Duniani tangu 1967 lilipendekeza mwanamume asibebeshwe peke yake zaidi ya kilo 55. Najua sokoni ukikataa ataitwa mwingine, kwa hivyo kubalianeni nyote, wala si wewe pekee. Kubwa mlibebe wawili, au omba upande wa mkokoteni.

Ukiumia ghafla kazini, mwambie tajiri siku hiyohiyo mbele ya shahidi. Sheria ya Kenya ya 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini yakubali taarifa hata ya mdomo. Utata ni tajiri wa kibarua ni nani: mwenye lori, mwenye mzigo au nyampara? Liulize hilo kabla hujaumia.

Hamali_Kongowea
Shukran. Mkazo waisha kama dakika kumi. Ila mguu wa kulia hufa ganzi nikikaa sana.

Fizio_Pwani
Ganzi hiyo isikae. Wiki hii nenda hospitali waukague mgongo. Lakini ganzi ikifika sehemu za siri, au mkojo ukakataa kutoka, usingoje asubuhi, nenda usiku huohuo.

Hamali_Kongowea
Nitaenda Jumatatu, Jumapili malori huwa mengi.

Mama_Zu
Jumapili hiyo mwachie mwenzako lori moja, baba.