Yah: Mfuko wetu wa kufa na kuzikana: tuwatazame Wahungaria wa Pennsylvania

Kutoka: Mweka hazina, Columbus, Ohio

Wanajumuiya wenzangu wa Afrika Mashariki na Kongo hapa Marekani, salaam.

Nawashukuru wote mliochangia msiba uliopita. Mwili ulifika Dar es Salaam, ukapelekwa Tanga, ndugu wamemzika mpendwa wetu. Gharama zote zimelipwa na hatudaiwi na nyumba ya mazishi.

Ila nikiitazama orodha ya wachangiaji, majina ni yale yale kila msiba. Wapo waliochanga mara zote, na wapo ambao hata tanzia hawakuifungua. Kamati inapendekeza utaratibu mpya: tuko wanachama 120, kila anapofariki mmoja wetu kila mtu alipe dola 100, familia ipewe dola 12,000 taslimu. Sawa kwa wote, kijana na mzee. Pendekezo la pili ni kutumia mfuko huohuo kugharamia ujumbe wetu kwenda Washington na Dodoma kusukuma suala la uraia pacha.

Naomba maoni kabla ya mkutano mkuu. Mzee wetu wa Pittsburgh, shikamoo, najua haya mambo unayafuatilia, tusaidie.

Kutoka: Mzee, Pittsburgh, Pennsylvania

Marahaba mwanangu, na pole na kazi. Kuwa mweka hazina wa misiba si kazi nyepesi.

Nawaandikia kwa urefu kidogo kwa sababu mpango huu wa "kila mtu alipe sawa" ulishajaribiwa katika jimbo hili ninaloishi, na watu masikini kuliko sisi. Februari 1886, pale Hazleton kwenye machimbo ya makaa ya mawe, wachimbaji 13 kutoka Hungaria waliunda chama cha kusaidiana wakakiita Verhovay. Wakati huo mchimbaji akifukiwa na mwamba, mjane alikuwa hana pa kwenda. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi Pennsylvania ilikuja 1915, karibu miaka 30 baadaye. Katikati hapo kilichomstiri maiti na kumlisha mjane ni senti za wenzake.

Msidhani ni hadithi ya kuongeza chumvi. Tarehe 19 Desemba 1907 mgodi wa Darr, pale Jacobs Creek, ulilipuka ukaua watu 239, wengi wao wakiwa wahamiaji kutoka Hungaria. Makumi kati yao hawakutambulika, wakazikwa pamoja kwenye makaburi ya Olive Branch. Wiki mbili nyuma yake, tarehe 6 Desemba, mgodi wa Monongah kule West Virginia ulikuwa umeua watu 362 kwa hesabu rasmi. Sasa jiulizeni: chama cha kuzikana kinachotegemea mchango wa papo kwa papo, kipigwe na msiba wa namna ile wiki moja kabla ya Krismasi, wanachama wake wenyewe wakiwa ndio waliomo shimoni. Nani anabaki wa kumchangia nani?

Hapo ndipo penye tatizo la pendekezo letu, na hata bila mlipuko linakuja, linakuja polepole tu. Chukueni hesabu ya mweka hazina. Leo wengi wetu tuna miaka 30 na 40. Wakifariki wawili kwa mwaka, kila mtu ametoa dola 200. Inabebeka. Baada ya miaka 15 tumezeeka wote kwa pamoja, wanafariki sita, mtu anatoa dola 600. Kijana wa miaka 26 anakaa chini anapiga hesabu: kwa bei hiyo anaweza kununua bima ya maisha kubwa zaidi peke yake. Anaondoka. Tuseme wanaondoka 40 kama yeye, tunabaki 80. Ili familia ipate dola 12,000 kila mtu sasa anatoa 150 kwa msiba, misiba sita, dola 900. Wanaondoka wengine. Wanaobaki ni wazee na wagonjwa, yaani wale wale waliolipa miaka yote, na zamu yao ikifika mfuko hauna kitu.

Vyama vya Marekani vilianza hivyo hivyo. Kile cha Ancient Order of United Workmen, kilichoanzishwa Meadville hapa hapa Pennsylvania mwaka 1868, kilikuwa kinamtoza kila mwanachama dola moja mwenzao anapofariki. Wengi walioiga mtindo huo walianguka kwa sababu niliyoieleza. Mwaka 1910 makamishna wa bima wa majimbo na viongozi wa vyama walikubaliana juu ya rasimu ya sheria iliyopewa jina la mji wa Mobile, Alabama, na maana yake kwa lugha ya mtaani ni hii: ada ifuate umri, na chama kiweke akiba ya kutosha leo kwa ajili ya vifo vya kesho, akiba inayopigiwa hesabu na mtakwimu bima, yaani mtaalamu wa hesabu za bima na vifo, si kwa kukadiria kwa macho.

Wahungaria waliofuata njia hiyo walidumu. Mwaka 1955 Verhovay iliungana na chama kingine cha Wahungaria, Rákóczi, cha Bridgeport, Connecticut, wakajiita William Penn, na makao yao yako hapa Pittsburgh hadi leo. Kuna kingine cha Wahungaria wa kanisa la Reformed, kilichozaliwa Trenton, New Jersey, mwaka 1896. Hiki mwaka 1907 kilipata hati yake kwa sheria ya Bunge la Marekani, na mwaka 1921 kikafungua kituo cha yatima na wazee kule Ligonier, wakakiita Bethlen. Baadaye wanachama walipopungua kiliungana na GBU, chama cha asili ya Wajerumani hapa Pittsburgh. Kuungana namna hiyo naona ni busara kubwa: mikataba ya wazee iliendelea kuheshimiwa hata watoto walipoacha kuongea Kihungaria.

Vyama hivi havina wanahisa. Ziada ikipatikana hakuna tajiri wa kuichukua, inarudi kwa wanachama kama gawio au inaenda kwenye shughuli za chama: ufadhili wa masomo, pikniki, misaada ya maafa. Kwa ajili hiyo serikali imevisamehe kodi ya mapato, chini ya kifungu kinachoitwa 501(c)(8). Lakini msamaha huo, pamoja na sheria za majimbo, una masharti. Lazima kuwe na matawi yanayokutana kweli, na wajumbe wanaochaguliwa na wanachama. Hesabu zinapelekwa kila mwaka kwa kamishna wa bima wa jimbo, na Fomu 990, yaani ripoti ya fedha ya kila mwaka kwa mamlaka ya kodi, iko wazi, mtu yeyote anaweza kuisoma. Someni moja kabla ya mkutano. Mtaona mishahara ya viongozi imeandikwa jina kwa jina.

La mwisho kwa leo, na hili naomba mlichukulie kwa uzito. Tukiandika kwenye katiba yetu kwamba "mwanachama akifariki familia itapewa dola 12,000", kisheria hiyo inaweza kuhesabiwa kuwa ni bima, na kuuza bima bila leseni ni kosa katika kila jimbo. Nia yetu njema haitatukinga.

Kutoka: Dada, Minneapolis, Minnesota

Mzee wetu, shikamoo, na ahsante kwa somo. Mimi hesabu nimeielewa. Mwenzenu ni muuguzi kwenye nyumba ya wazee, habari za uzee sihitaji kusimuliwa.

Linalonisumbua ni pendekezo la pili. Mimi ni Mkenya. Uraia pacha tunao tangu Katiba ya 2010. Nawapenda sana ndugu zangu Watanzania na nawaombea wafanikiwe, lakini pesa ninayoweka ili watoto wangu wasihangaike siku nikifa, kwa nini inunue tiketi ya ndege ya mtu kwenda Dodoma? Na kesho Wakenya nao watataka mfuko ugharamie kura za diaspora, kesho kutwa Waganda nao waje na lao. Harambee ya mazishi iwe ya mazishi.

Kutoka: Papa, Des Moines, Iowa

Jambo ndugu zangu wote.

Mimi ni mtu wa Kivu, nimepita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi kabla ya kufika hapa. Nataka kusema kitu kimoja. Mnaongea sana habari ya kusafirisha mwili. Sisi wengi wetu hatusafirishi. Kule tulikotoka hakuna mtu wa kuupokea, na kijiji kingine hakipo tena. Tunazika hapa hapa Iowa, na tunafanya kazi kiwandani kwa nyama, zamu ya usiku, kazi ya visu. Mtu akikatika mkono, au mgongo ukiharibika, hajafa lakini nyumba imekufa. Je, hawa Wahungaria walisaidia mgonjwa au walingoja afe kwanza? Likelemba yetu hapa, kama upatu wenu, inasaidia mgonjwa, ndiyo sababu watu hawaikimbii.

Kutoka: Mzee, Pittsburgh

Papa, umegusa penyewe. Vyama vile vya wachimbaji vilikuwa vya ugonjwa na kifo kwa pamoja, kwa sababu mchimbaji alikuwa anaumia mara nyingi kabla ya kufa mara moja. Sheria ya vyama vya aina hii hadi leo inataja maisha, ugonjwa na ajali. Na kuhusu kusafirisha: fedha ikitolewa kwa mnufaika aliyeandikwa, familia ndiyo inayoamua kama ni tiketi ya kwenda Tanga, kaburi la Des Moines au kodi ya nyumba ya mjane. Katiba yetu isimpangie mfiwa.

Dada yangu wa Minneapolis, nakubaliana nawe nusu. Fedha zitenganishwe, tena kwa akaunti mbili na saini tofauti. Akiba ya wafu isiguswe kwa safari ya mtu yeyote. Lakini usiseme kusemea haki zetu si kazi ya chama cha kuzikana. Mwaka 1897 Pennsylvania ilitunga sheria ya kutoza senti 3 kwa siku kwa kila mfanyakazi mgeni asiye raia. Waajiri walizikata senti hizo kwenye mshahara wa mchimbaji. Mahakama ya shirikisho iliibatilisha, lakini Septemba mwaka huohuo, pale Lattimer, jirani kabisa na Hazleton, wachimbaji waliokuwa wanaandamana bila silaha walipigwa risasi na watu wa sherifu, wakafa 19. Sherifu na watu wake walishtakiwa, wakaachiwa. Mtu asiye na chama, gazeti wala kura alikuwa hana wa kumsemea.

Na sisi tunayo yetu. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026 kuna kodi ya asilimia 1 kwa mtu anayepeleka fedha nje akilipa kwa noti taslimu au hundi za aina fulani. Rasimu ya kwanza kwenye Bunge la Marekani ilikuwa asilimia 5, na ilikuwa kwa wasio raia. Ukituma kutoka akaunti ya benki au kadi ya hapa Marekani hulipi, kwa hiyo waambieni wazee wenu waache kwenda dukani na bahasha ya noti. Ile rasimu ilipokuwa inajadiliwa, nani kati yetu alimpigia simu mbunge wa wilaya yake? Hilo linatuhusu Mkenya, Mtanzania, Mkongo na Mrundi sawasawa. Ndilo ningependa tuanze nalo.

Juu ya mambo ya nyumbani, chukua kisa cha taji la Mtakatifu Stefano, taji la wafalme wa zamani wa Hungaria. Lilikuwa mikononi mwa Marekani tangu mwisho wa Vita Kuu ya Pili, na baadaye likahifadhiwa Fort Knox, kambi ya jeshi inayotunza hazina ya dhahabu. Rais Carter alipoamua kulirudisha Hungaria, wakati huo nchi iko chini ya wakomunisti, Wahungaria wa Marekani waligawanyika vibaya. Wengine walikwenda kupiga kelele Washington, na Seneta Dole akafungua kesi, akashindwa. Cyrus Vance, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alilikabidhi Budapest tarehe 6 Januari 1978. Mjane aliyekuwa na mkataba wa bima hakuulizwa mumewe alikuwa upande gani. Nasi tufanye vivyo hivyo: mambo ya Dodoma, Nairobi au Kinshasa yachangiwe kwa hiari na wanaoyataka, kwa mfuko wao. Watanzania wenzangu, tukumbuke pia kwamba mwaka 2025 Bunge letu limepitisha mabadiliko ya sheria yanayoleta hadhi maalumu kwa diaspora. Si uraia pacha, lakini tuyasome kwanza tujue kilichobaki kudaiwa.

Pendekezo langu kwa mkutano ni hili. Tusianzishe kampuni ya bima, hatuna watu wa kutosha wala mtaji. Kila mwanachama anunue mkataba mdogo wa bima ya maisha kwa umri wake, kwenye kampuni yenye leseni au kwenye chama kama hivi vya kindugu, ambavyo vingi siku hizi vinapokea watu wa asili yoyote. Akienda kwenye chama cha kindugu aulize jambo moja: majimbo mengi hayaviingizi vyama hivi kwenye mfuko wa dhamana unaolinda wateja bima ikifilisika, na mkataba unaweza kuruhusu wanachama waongezewe mchango akiba ikipungua. Asome ukubwa wa ziada yao kabla ya kusaini. Jumuiya ibaki na mfuko wa rambirambi na wagonjwa, tutoe kadiri tulivyonacho, bila kuahidi kiasi kwa maandishi. Na anayeshindwa ada ya bima kwa miezi kadhaa, mfuko umbebe.

Kutoka: Mweka hazina, Columbus

Nimewaelewa, na pendekezo la dola 100 kwa wote nimeliondoa kwenye ajenda. Badala yake mkutano utajadili la mzee, pamoja na ombi la Papa la wagonjwa.

Kila mmoja anitumie mambo matatu kwa barua pepe ya faragha, si kwenye orodha hii: mwaka wa kuzaliwa, kama ana bima ya maisha kazini na inaisha lini akiacha kazi, na jina la mnufaika. Hilo la mnufaika lichungulieni kwenye makaratasi yenu leo hii, wapo ambao bado wameandika mtu waliyeachana naye. Dada wa Minneapolis, naomba ukubali kuwa saini ya pili kwenye akaunti ya rambirambi.