Mubirizi, tangawizi ao mnanaa: mwenye mimba achague gani?

Mama_Kadutu
Wapenzi, niko wiki ya 9. Asubuhi harufu ya mawese peke yake inanikimbiza nje. Usiku kifua kinawaka. Mama mkwe amenichemshia mubirizi, yale majani machungu, jirani anasifu tangawizi, mdogo wangu mnanaa. Nichukue gani?

Yaya_wa_Bagira
Mubirizi uache. Najua kwetu ni dawa ya heshima, lakini unaweza kuchochea tumbo la uzazi. Mimi nilimwambia mama mkwe kwamba munganga wa CPN, kliniki ya wenye mimba, amenikataza. Ugomvi ukaisha.

Mkunga_Ibanda
Mama, hapo una magonjwa mawili, usiyatibu kwa kikombe kimoja. Kichefuchefu: tangawizi. Kata vipande vitatu vyembamba, mwagia maji ya moto, funika dakika 10, unywe kidogo kidogo ikiwa vuguvugu. Ukitumia ya unga, nusu kijiko cha chai kwa siku nzima inatosha, karibu gramu 1. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, uliza kwanza.

Kiungulia ni kingine. Homoni za mimba zinalegeza mlango wa juu wa tumbo, asidi inapanda. Mnanaa unaulegeza zaidi! Ndiyo maana mtu anakunywa chai ya mnanaa apate nafuu, kisha analala akiwaka.

Sambaza_Moto
Lo, ndiyo siri yangu hiyo. Nilikunywa mnanaa mwezi mzima, tena juu ya sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwa.

Mkunga_Ibanda
Sambaza na bugali kubwa usiku, hata bila mnanaa ungewaka. Kula kidogo mara nyingi, usilale saa mbili ao tatu baada ya chakula, inua kichwa, lalia ubavu wa kushoto.

Mama_Kadutu
Na choo kigumu? Wanasema mshubiri.

Yaya_wa_Bagira
Hapana! Utomvu wake unaharisha kwa nguvu. Papai lililoiva vizuri, maji mengi, maharagi. Papai bichi usiguse, utomvu wake si wa mwenye mimba.

Mkunga_Ibanda
Vidonge vya chuma vya CPN navyo vinaweza kukaza choo. Usiviache, sema kwa mkunga wako. Ila pemba, ule udongo wa kula wa sokoni, acha: unazuia chuma kuingia mwilini, na unaweza kuwa na madini ya risasi, ni sumu.

Sambaza_Moto
Pemba nayo? Basi nimebaki na nini…

Mkunga_Ibanda
Umebaki na tangawizi. Lakini mama akitapika kila kitu, hata maji, ao mkojo ukiwa mdogo na mweusi, aende hospitali siku hiyohiyo. Maumivu ya juu ya tumbo pamoja na kichwa kuuma sana baada ya mwezi wa tano, hicho huenda si kiungulia, hapo pia aende hospitali.

Mama_Kadutu
Nimekunywa ya tangawizi leo asubuhi. Mkate mmoja umebaki ndani. Mubirizi nimeumwagia migomba, mama mkwe hajajua.